“Relax” na Mipaka ya Mamlaka ya BBC, 1983–1984

Katika historia ya muziki wa Uingereza ni singo chache zilizosimuliwa mara nyingi kama “Relax”, kazi ya kwanza ya kikundi cha Frankie Goes to Hollywood kutoka Liverpool, iliyotoka Oktoba 1983 na kushika nafasi ya kwanza katika chati ya nchi hiyo mwishoni mwa Januari 1984. Masimulizi yaliyozoeleka husema kwamba wimbo huo ulifungiwa na Shirika la Utangazaji la Uingereza, yaani BBC, na kwamba kufungiwa huko ndiko kulikowafanya watu waufuate madukani kwa wingi. Ndani ya masimulizi hayo kuna ukweli, lakini yanaikuza nguvu ya BBC kupita kiasi hata pale yanapoishutumu, na yanawapunja sifa yao waliousuka wimbo wenyewe. Tarehe zikifuatwa moja baada ya nyingine zinaonyesha kuwa “Relax” ilikuwa imeshafika nafasi ya 6 kabla ya amri yoyote kutolewa, tena kwa msaada wa BBC hiyohiyo, na kwamba sehemu kubwa ya uchokozi wake ilikaa katika sauti, mahali ambapo kanuni zilizotungwa kwa ajili ya kuchuja maneno hazikuweza kufika.

Wimbo huo ni wa aina iitwayo elektropopu, yaani muziki wa kupendwa na umma ambao haujengwi juu ya magitaa na ngoma zinazopigwa kwa mikono, bali juu ya sinthesaiza, ambacho ni kinanda kinachotengeneza sauti kwa umeme, pamoja na mashine za midundo zinazopangwa mapema na kurudia pigo lilelile bila kutetereka. Mizizi yake iko Ujerumani, kwa kikundi cha Kraftwerk cha Düsseldorf na kwa kazi za disko ambazo Giorgio Moroder alimrekodia Donna Summer mjini Munich katika miaka ya 1970. Uingereza iliupokea kwa nguvu kuanzia 1981, kupitia The Human League wa Sheffield, Soft Cell wa Leeds na Depeche Mode wa Basildon. Wahakiki wengi wa wakati huo waliuona kuwa muziki baridi, wa vijana wenye nyuso zisizocheka waliosimama nyuma ya vinanda. “Relax” ilikwenda kinyume na hukumu hiyo, kwa kuwa ilitumia mashine hizohizo kutengeneza joto la mwili, na ugeni huo ni wa kukumbukwa na kila anayetaka kuelewa mshtuko uliofuata.

Liverpool ya wakati huo ilikuwa imechoka. Bandari iliyouendesha mji kwa karne mbili ilikuwa imepoteza kazi nyingi, vijana wengi walikuwa hawana ajira, na ghasia za Toxteth za Julai 1981 zilikuwa bado mbichi vichwani mwa watu. Kwa upande wa muziki, hata hivyo, mji haukuwa umelala, kwa kuwa katika barabara ya Mathew Street, mkabala na mahali ambapo Cavern ya Beatles iliwahi kuwa, kilabu iitwayo Eric’s ilikuwa imelea kizazi kipya cha wanamuziki, akiwemo Holly Johnson, aliyepiga gitaa la besi katika bendi ya Big in Japan. Johnson ndiye aliyekuja kuwa mwimbaji kiongozi wa Frankie Goes to Hollywood, akisaidiwa na Paul Rutherford kwa sauti na uchezaji, huku Mark O’Toole akishika besi, Brian Nash gitaa na Peter Gill ngoma. Johnson na Rutherford hawakuficha kwamba ni wanaume wanaopenda wanaume, na hilo lilikuwa jambo la nadra mno, kwa sababu wasanii wengi wenye hali hiyo waliiacha ikisomwa katikati ya mistari ili wasipoteze wanunuzi.

Kabla ya kupata mkataba, kikundi kilirekodi vipindi vya redio kwa ajili ya John Peel na David Jensen wa BBC, na mapema 1983 kikaonyeshwa katika The Tube, kipindi cha muziki cha Channel 4, televisheni iliyokuwa na miezi michache tu tangu ianzishwe Novemba 1982. Filamu hiyo ilipigwa katika ukumbi wa State Ballroom mjini Liverpool, ikionyesha toleo changa la “Relax” lililopigwa kwa vyombo vya kawaida vya bendi, na miongoni mwa walioitazama alikuwamo Trevor Horn, prodyuza aliyekuwa na jina kubwa tayari kwa kazi zake na The Buggles na kwa albamu ya ABC ya 1982. Horn, mkewe Jill Sinclair na mwandishi wa magazeti ya muziki Paul Morley walikuwa wakianzisha lebo mpya iliyoitwa Zang Tumb Tuum, kwa kifupi ZTT, jina lililotokana na kitabu cha Filippo Tommaso Marinetti, mshairi wa Italia, ambaye mwaka 1914 alijaribu kuandika kwa herufi milio ya mizinga ya vita vya Adrianople. Lebo hiyo ilimchukulia msikilizaji kuwa mtu wa kushtuliwa, na ilipowasaini vijana wa Liverpool ilikuwa imepata watu waliokuwa tayari kushiriki katika kushtua huko.

Kazi ya studio ilikuwa ndefu na, kwa wanabendi, ya kuumiza. Ilifanyika Sarm West, magharibi mwa London, katika jengo ambalo hapo awali lilikuwa studio za Island na ambamo Bob Marley aliwahi kurekodi. Horn alianza na bendi yenyewe, hakuridhika. Akawaita wanamuziki wa The Blockheads, waliozoea kumpigia Ian Dury, akapata toleo zuri lakini aliloliona kuwa si la kisasa vya kutosha. Hatimaye akalitupa hilo nalo na kuujenga wimbo upya pamoja na Andy Richards kwenye vinanda, Stephen Lipson kwenye gitaa na J. J. Jeczalik kwenye Fairlight. Fairlight ni kompyuta ya muziki iliyobuniwa Sydney, Australia, yenye uwezo wa kunasa sauti yoyote ya duniani, kuikata, na kuipiga kama noti ya kinanda, nayo ilikuwa ghali kiasi kwamba studio nyingi za Uingereza hazikuwa nayo. Matokeo ni kwamba, kati ya wanakikundi watano, sauti ya Johnson peke yake ndiyo inayosikika waziwazi katika singo iliyotoka. Mchango wa wenzake ni mlio wao wakijirusha katika bwawa la kuogelea, ulionaswa na kuingizwa katika kompyuta.

Sauti iliyotokana na juhudi hizo inastahili kuelezwa kwa karibu, kwa kuwa humo ndimo hoja ilimo. Wimbo unaanza taratibu, kwa mawingu ya kinanda na sauti ya Johnson ikiwa bado haijashikiliwa na mdundo, kisha ngoma nzito inaingia na kupiga kila pigo la mwendo bila kuruka hata moja, na chini yake besi inang’ang’ania noti moja kana kwamba imekatazwa kuondoka. Katika muziki wa pop wa kawaida msikilizaji hupewa nafuu kila baada ya muda mfupi, kwa kuwa muafaka wa sauti hubadilika na kiitikio humfungulia mlango. Hapa nafuu inazuiwa kwa makusudi, tabaka moja la sauti linaongezwa juu ya jingine, hadi kufikia mahali ambapo kila kitu kinapasuka, maji yanamwagika, na mdundo unarudi ukiwa umelegea kidogo kabla ya kukaza tena. Maneno ya wimbo ni machache na yanajirudia, na mtu asiyejua Kiingereza hata kidogo angeelewa kilichokusudiwa kwa kuusikiliza tu. Katika hilo Horn alifanya kazi ya ufundi wa hali ya juu, na haielekei kuwa haki kumweka katika historia kama mfanyabiashara aliyebahatika kufungiwa.

Hata ndani ya ulimwengu ambao wimbo ulidai kuusemea, mapokezi ya kwanza hayakuwa ya shangwe tupu. ZTT ilitoa pia santuri ya inchi 12, umbo lililotumiwa na madisko kwa ajili ya matoleo marefu, na la kwanza kati ya hayo lilikuwa la dakika 16 hivi, likiwa na milio na manung’uniko mengi lakini likikosa sehemu kubwa ya wimbo wenyewe. Malalamiko yalifika, na kwa maelezo ya Horn, baadhi yalitoka katika kilabu za mashoga, ambako toleo hilo lilionekana kuwa la kukera. Lilipofupishwa, wanunuzi wakalalamika kwamba hawausikii wimbo waliolipia. Horn ameeleza kuwa aliielewa kazi ya santuri ya kuchezea baada tu ya kutembelea Paradise Garage, kilabu maarufu ya New York iliyojazwa na wachezaji weusi, Walatino na mashoga, na kusikia muziki unavyotandazwa sakafuni kwa saa nyingi. Toleo la tatu, lililotokana na funzo hilo, ndilo lililodumu. Kwa hiyo wahariri wa kwanza wa “Relax” walikuwa wacheza disko, kabla ya kiongozi yeyote wa redio kuuona kuwa tatizo, na uhariri wao uliuboresha.

Upande wa matangazo ulikuwa mikononi mwa Morley, aliyenunua nafasi katika magazeti ya muziki na kuzijaza picha za Rutherford akiwa na kofia ya baharia na Johnson akiwa amenyoa kichwa na kuvaa glavu za mpira, pamoja na maandishi yenye mafumbo ya wazi na majigambo kwamba kikundi hiki kitawafunika Duran Duran. Ganda la santuri lilibeba mchoro wa Anne Yvonne Gilbert wa mwanamume na mwanamke waliokumbatiana wakiwa na mavazi haba. Ni jambo la kuzingatiwa kwamba picha iliyokuja kulaumiwa zaidi ilikuwa ya mwanamume na mwanamke, ilhali hofu iliyozungumzwa kwa sauti ya chini ilikuwa juu ya mapenzi ya wanaume wawili.

Pamoja na hayo yote, santuri haikuenda kasi. Iliingia katika chati Novemba 1983 chini ya nafasi ya 60, ikapanda kwa kujikokota kwa wiki nyingi, huku ikipigwa katika Radio 1, kituo cha BBC cha muziki wa vijana kilichoanzishwa 1967, bila mtu wa mamlaka kusimama kuipinga. Mabadiliko yalikuja Alhamisi ya tarehe 5 Januari 1984, kikundi kilipoalikwa katika Top of the Pops, kipindi cha televisheni cha BBC ambacho tangu 1964 kilikuwa kikionyesha nyimbo zinazopanda. Singo ilikuwa nafasi ya 35 wakati huo. Chati iliyofuata iliikuta nafasi ya 6. Kuruka huko kwa nafasi 29 kwa wiki moja hakuna maelezo mengine ila televisheni, na ndiko kunakovunja simulizi la kwamba BBC iliufanya wimbo ujulikane kwa kuuzuia, kwani iliufanya ujulikane kwanza kwa kuuonyesha.

Tarehe 11 Januari, Mike Read, mtangazaji wa kipindi cha asubuhi cha Radio 1, alieleza hewani kuchukizwa kwake na ganda la santuri na maneno ya wimbo, akasema hataupiga. Jina lake limebeba lawama ya tukio zima tangu siku hiyo, ingawa mtangazaji mmoja hakuwa na mamlaka ya kuufungia wimbo katika shirika lenye idhaa nyingi, na inaelezwa kuwa wakubwa wake walikuwa wameshafikia uamuzi bila yeye kuujua. Katika siku zilizofuata Radio 1, iliyoongozwa na Derek Chinnery, ilitangaza msimamo wa kutoupiga, na televisheni ya BBC ikafuata. Wakati huo kipindi cha asubuhi kilisikilizwa nyumbani wakati watoto wakinywa chai na kuvaa sare za shule, na mzazi aliyepata taabu kusikia wimbo huo mbele ya mtoto wa miaka minane hakuwa mtu wa kubezwa. Swali la saa na mahali pa kupigia wimbo kama huu lilikuwa swali la haki. Kosa la BBC lilikuwa kulijibu kwa amri ya jumla, iliyoandikwa kana kwamba wasikilizaji wote wa saa zote ni watoto, na iliyotolewa baada ya wiki kadhaa za kuupiga.

BBC, ambayo wasikilizaji wa Kiswahili wameijua tangu 1957 kwa Idhaa yake ya Kiswahili, haikuwa ngeni katika kufungia nyimbo. Mwaka 1969 iliuzuia wimbo wa Serge Gainsbourg na Jane Birkin, “Je t’aime… moi non plus”, nao ukashika nafasi ya kwanza. Mwaka 1977 iliukatalia hewa “God Save the Queen” wa Sex Pistols katika wiki za sherehe za malkia, nao ukafika nafasi ya pili. Mwaka 1981 ilikataa kuupiga wimbo wa elektropopu wa Heaven 17 uliokuwa ukiushambulia ufashisti, na huo haukuwahi kuwa miongoni mwa nyimbo kubwa za mwaka. Mfano huo wa mwisho hutajwa mara chache, nao ndio wenye mafunzo zaidi, kwa sababu unaonyesha kuwa kufungiwa peke yake hakuuzi santuri. Wimbo wa Heaven 17 ulizuiwa ukiwa bado hauna umma, ilhali “Relax” ilizuiwa ikiwa tayari mikononi mwa watu.

Kilichoifanya amri ya Januari 1984 ishindwe ni muundo wa mambo. Chati haikuwa mali ya BBC kuiamua itakavyo. Tangu Januari 1983 ilikusanywa na kampuni ya Gallup kutokana na mauzo yaliyoripotiwa na maduka ya santuri nchini kote, na BBC ilikuwa na haki ya kuitangaza tu. Shirika lilikuwa limejifunga kwa ahadi mbili kwa umma, ya kwanza kuwaambia kwa ukweli ni nyimbo zipi zinazonunuliwa zaidi, na ya pili kuwalinda dhidi ya lisilofaa, na kwa kawaida ahadi hizo hazikugongana. Tarehe 17 Januari singo ilifika nafasi ya pili, na Jumanne ya tarehe 24 ikatangazwa kuwa ya kwanza, ikiuondoa kileleni “Pipes of Peace” wa Paul McCartney, mwana wa Liverpool wa kizazi kilichotangulia. Katika Top of the Pops, ambayo kwa desturi ilimalizika kwa wimbo ulioshika nafasi ya kwanza, watangazaji walilazimika kuutaja ushindi, kuonyesha picha ya mnato ya kikundi kwa muda mfupi, na kisha kuhamia kwa msanii mwingine. Hali hiyo ilidumu wiki 5, hadi Nena wa Ujerumani alipouchukua usukani, na kila wiki ya picha ile isiyosonga iliwakumbusha watazamaji kwamba kuna kitu nchi inakinunua na shirika lake halitaki kukitazama.

Isitoshe, BBC yenyewe haikuwa na kauli moja. Jensen na Peel, ambao vipindi vyao vilikuwa vya jioni na usiku, waliendelea kuupiga walipoona inafaa, na kwa kufanya hivyo walitoa, bila tamko lolote, lile jibu la busara ambalo wakuu wao walilikosa, yaani kuutenga wimbo kwa saa. Nje ya BBC vilikuwepo vituo vya biashara vilivyoruhusiwa tangu 1973, navyo havikufungwa na amri hiyo. Na Channel 4, iliyomwonyesha Horn kikundi kwa mara ya kwanza, haikuwa chini ya BBC. Miaka 15 nyuma shirika hilo lilikuwa peke yake katika redio halali ya muziki nchini. Sasa lilikuwa na washindani, na neno lake la mwisho halikuwa la mwisho tena.

Video ya kwanza ya wimbo ilipata mapokezi makali zaidi. Iliongozwa na Bernard Rose na kupigwa katika Wilton’s Music Hall, ukumbi mkongwe wa mashariki ya London, ikimwonyesha Johnson akifika kwa rikisho katika kilabu iliyofanana na karamu ya kaizari wa Kirumi, yenye mavazi ya ngozi na chuimilia hai. BBC iliikataa, na MTV ya Marekani, kituo kilichojisifia ujasiri, ikaikataa vilevile, hivyo video nyingine isiyo na kilabu ilibidi itengenezwe. Nchini Marekani singo haikwenda mbali ilipotoka mara ya kwanza, ikikomea nafasi ya 67 mwaka 1984, na ilihitaji kutolewa upya ili ifike nafasi ya 10 mwaka 1985. Kama kufungiwa kungekuwa chombo cha uhakika cha mauzo, matokeo ya Marekani yangekuwa tofauti.

Kwa vijana wa Uingereza waliokuwa wakipenda watu wa jinsia yao, mapokezi ya wimbo yalikuwa na uzito mwingine ambao vitabu vya chati haviugusi. Sheria ya 1967 ilikuwa imeondoa adhabu kwa wanaume wazima waliokubaliana faraghani katika England na Wales, lakini umri uliowekwa ulikuwa miaka 21, tofauti na wa wengine, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 magazeti yalianza kuuandika ugonjwa wa UKIMWI kwa namna iliyowafanya mashoga waonekane kuwa hatari kwa jirani zao. Katika mazingira hayo, kusikia furaha ya mwili wao ikipigwa kwenye disko za harusi na maduka ya vitongojini kulikuwa jambo la kuwapa moyo. Kulikuwa pia na gharama. Katika miezi ya mwanzo kikundi kilidai hadharani kwamba wimbo unahusu kujipa ari ya kufanikiwa, dai ambalo O’Toole alilikanusha baadaye kwa maandishi na kukiri kuwa ulihusu ngono tangu mwanzo. Dai hilo linaeleweka kama ngao ya kibiashara, lakini lilimwambia msikilizaji kijana kwamba hata waliothubutu kuliko wote walihitaji kusema uongo kidogo ili wapite mlangoni, na ukubwa wa jambo hilo haupaswi kupunguzwa kwa kuliita mzaha wa matangazo.

Majira ya joto ya 1984 yaliifikisha hadithi mahali ambapo hakuna aliyepatarajia. Mwezi Juni singo ya pili, “Two Tribes”, iliyohusu vita vya nyuklia, ilishika nafasi ya kwanza na kukaa huko wiki 9, huku fulana nyeupe zenye maandishi makubwa meusi, zilizobuniwa na Morley kwa kuiga zile za mbunifu wa mavazi Katharine Hamnett, zikienea katika kila mtaa na kuigwa na wachuuzi wa sokoni. “Relax” yenyewe ilirudi juu hadi nafasi ya pili, nyuma ya mdogo wake, kwa mkumbo huo na kwa sababu ZTT iliendelea kutoa matoleo mapya ambayo mashabiki waliyanunua tena na tena. Mbinu hiyo ilikuja kuwafanya waratibu wa chati waweke kikomo cha idadi ya matoleo ya singo moja. Mauzo ya “Relax” nchini Uingereza yalifika takriban nakala milioni 2. Desemba kikundi kilipata nafasi ya kwanza kwa mara ya tatu mfululizo kwa “The Power of Love”, na kuifikia rekodi ya Gerry and the Pacemakers, pia wa Liverpool, waliofanya hivyo kwa singo zao tatu za kwanza mwaka 1963. Mwezi huohuo BBC iliachana na marufuku yake, na “Relax” ikachezwa katika Top of the Pops ya Krismasi. Mwaka 1985 ilitunukiwa tuzo ya BRIT ya singo bora ya Uingereza.

Marufuku iliyodumu kwa muda mrefu zaidi ilitoka upande wa mkataba. Kikundi kilisambaratika mwaka 1987, na Johnson alipotaka kurekodi kwa kampuni nyingine, ZTT ilikwenda mahakamani kumzuia, ikidai kwamba sauti ya Johnson bado ni mali ya lebo kwa mujibu wa sahihi aliyoiweka 1983, akiwa kijana asiye na fedha. Mahakama Kuu mwaka 1988, na Mahakama ya Rufaa mwaka 1989, ziliona kuwa mkataba huo ulikuwa kizuizi kisicho cha haki cha kufanya kazi, yaani ulimfunga msanii kwa miaka mingi kwa hiari ya kampuni peke yake bila kuilazimisha kampuni kiasi hichohicho, na zikamwachia huru. Mwaka huohuo wa 1989 albamu yake ya kwanza akiwa peke yake, Blast, ilishika nafasi ya kwanza nchini. “Relax” ilipotolewa upya mwaka 1993 ilifika nafasi ya 5 bila kituo chochote kuibishia, na katika mwaka huo Johnson aliueleza umma kwamba anaishi na virusi vya UKIMWI, safari hii akisema jambo lake kwa maneno ya waziwazi.